Mafuta ya Lusweti

Skrubu ya tatu ilikuwa imegandamana na uchafu wa sabuni. Shiundu aliigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi, akaigeuza, ikakataa, akaigonga tena. Upande wa pili wa kichochoro, Nzivo mchomeleaji aliinua miwani yake myeusi hadi kwenye paji la uso.

"Daktari wa dripu! Mgonjwa amerudi?"

"Amerudi," Shiundu alijibu bila kuinua kichwa.

"Hii ni mara ya ngapi?"

"Ya nne."

"Basi huyo si mgonjwa tena. Huyo ni mpangaji. Mdai kodi!"

Vijana wawili waliokuwa wakingoja geti lao lichomelewe walicheka. Matheka, mwenye mashine, hakucheka. Alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha nyumba ya Shiundu pale Mbotela, bado amevaa koti la kijivu la dereva wa basi la shule, mikono nyuma, akitazama jinsi skrubu inavyotoka.

Ilikuwa mashine ya kuoshea magari, ya injini kubwa kidogo, iliyofungwa juu ya fremu ya magurudumu. Tangi lake la petroli lilikuwa chini, karibu na ardhi, na injini ilikuwa juu. Kwa hiyo mafuta hayakuweza kushuka yenyewe. Yalivutwa na pampu ndogo ya saizi ya kiberiti. Ndani ya pampu kulikuwa na utando mwembamba wa mpira uliocheza kwa pumzi ya injini. Utando ukilegea, mashine ilikohoa, ikafa. Tangu mwezi wa pili, Shiundu alikuwa ameshabadilisha pampu tatu.

"Fundi," Matheka alisema, "leo nataka tusikizane. Mafuta iko kwa hiyo tangi nimenunua mimi. Nilisimama hapo kituoni nikiangalia ikiingia kwa mtungi. Nikabeba na mkono yangu. Nikajaza tangi mpaka juu. Hakuna mtu amegusa."

"Mpaka juu?"

"Mpaka juu. Gari ya kwanza ikaoshwa vizuri. Ya pili ikiwa katikati, kwisha. Mwenye gari akaenda na povu kwa mlango." Aliielekezea mashine kidevu. "Na ile wiki bibi yangu Mbeti alikuwa ananunua lita moja moja kwa chupa, haikusumbua hata siku moja. Sasa nieleze."

Skrubu ilitoka. Shiundu aliiweka kwenye kifuniko cha mkebe wa maziwa pamoja na wenzake.

"Wacha niangalie, Mzee Matheka."

"Umeangalia mara tatu."

Hakulisema kwa ukali. Matheka alikuwa mtu wa sauti ya chini, na maneno yake yaliuma zaidi kwa sababu hiyo. Alitazama saa, kwani watoto wa shule walipaswa kuchukuliwa saa tisa, akaanza kushuka ngazi ya kibaraza. Kwenye ngazi ya mwisho aligeuka.

"Na yule mzee tulimfukuza," alisema. "Nakupigia jioni."

Neno hilo, tulimfukuza, lilibaki kibarazani baada yake.

Yule mzee alikuwa Lusweti, mjomba wa Asenath, mke wa Shiundu. Ni Shiundu mwenyewe aliyempeleka mtaa wa Njiru, kwenye biashara ya Matheka, akasema huyu ni mkwe wangu, hanywi, hagombani. Matheka akampa kazi ya kuosha magari na kulinda mashine. Siku za biashara ndogo, Mbeti, mke wa Matheka, alinunua petroli kidogo kidogo kwa chupa. Siku za magari mengi Lusweti ndiye aliyetumwa kituoni na mtungi wa lita kumi. Na ni siku hizo tu mashine ilipokufa. Mara ya kwanza hakuna aliyeona. Mara ya tatu kila mtu aliona.

Shiundu aliitwa Njiru siku hiyo. Aliifungua pampu mbele ya Matheka, Mbeti, vijana wa kuosha na wateja waliokuwa wamekaa kwenye benchi. Utando wa mpira ulikuwa umevutika na kupasuka pembeni. Pampu ilikuwa na siku tisa tu. Matheka alikuwa ameshauliza mara mbili kama anauziwa pampu feki, na mteja mmoja kwenye benchi alikuwa amesema kwamba mafundi wa siku hizi hujifunzia kwa simu. Shiundu alihitaji sababu ambayo si yeye.

"Mpira ukiwa hivi ni mafuta," alisema. "Mafuta imechanganywa na mafuta ya taa."

Matheka akamwaga kidogo kutoka kwenye mtungi wa Lusweti juu ya saruji, akawasha kiberiti. Ulitoka moshi mweusi. Petroli yoyote hutoa moshi mweusi, na Shiundu angelikumbuka hilo kama angengoja hata dakika moja. Lakini watu wote walikuwa wamegeuka kumtazama fundi.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Ona moshi."

Lusweti alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia vioo. Alimtazama Shiundu kwa muda, si kwa hasira, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi yaliyo mbali.

"Mkwe," alisema, "mambo ya mafuta wewe unayajua kuliko mimi. Ukisema ni mbaya, basi ni mbaya."

Akakikamua kitambaa, akakianika kwenye waya, akaingia kwenye chumba chake cha mabati kufunga vitu vyake.

*

Kila fundi ana njia yake ya kujaribu mashine. Ya Shiundu ilikuwa dripu. Alitundika chupa ya soda yenye petroli kwenye msumari wa nguzo ya kibaraza, akaunganisha mrija mwembamba hadi kwenye pampu, na mafuta yakashuka taratibu kama maji ya hospitalini. Alibuni mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Ilimwezesha kuona kwa macho kama mafuta yanapita, na ilimwokoa na matangi machafu ya watu. Mara zote tatu mashine ya Matheka ilinguruma kwenye dripu bila kukohoa, akairudisha Njiru akiwa na hakika.

Leo chupa ilikuwa tupu. Alifunga pampu ya nne, akaitazama chupa, akalitazama tangi lililojaa mafuta ya Matheka hadi mdomoni. Kununua mafuta mengine huku haya yapo alikuona ni upuuzi.

"Mama Ayuma," aliita. "Njoo unishikie hapa."

Asenath alitoka ndani akikausha mikono kwa leso. Alikuwa ameshazoea. Alichuchumaa, akaushika mkono wa kuongezea injini mafuta kwa vidole viwili, usipande wala kushuka. Shiundu alivuta kamba. Mashine iliwaka kwa mvuto wa pili, ikatulia, ikaendelea vizuri.

"Si hii iko sawa?" Asenath alisema kwa sauti kubwa juu ya ngurumo.

"Ngoja."

Walingoja. Jirani alifunga dirisha lake kwa kishindo. Nzivo aliinua kidole gumba kwa mzaha. Ilipofika kama dakika ya kumi na mbili, sauti ilibadilika, injini ikaanza kuvuta kama mtu anayemaliza soda kwa mrija, ikakohoa mara tatu, ikafa.

Shiundu hakugusa pampu. Kwa mara ya kwanza katika safari zote nne, aliinama chini kwenye tangi, akakizungusha kifuniko. Kilikuwa kimebana sana. Kilipoachia, tangi lilipiga mluzi mrefu.

"Nini hiyo imelia?" Asenath aliuliza.

"Tangi."

"Tangi inalia?"

"Inavuta hewa. Ilikuwa imenyimwa."

Alikigeuza kifuniko. Katikati, mahali palipokuwa na tundu dogo kama la sindano, tundu ambalo hewa huingilia kuchukua nafasi ya mafuta yanayotoka, kulikuwa na tone la gundi ya silikoni ya kijivu, lililobonyezwa kwa kidole gumba likalala bapa. Mistari ya kidole ilionekana vizuri. Lita moja ikiwa tangini, hewa iliyobaki juu ilitosha, na kifuniko kilifunguliwa kila mara kuongeza. Tangi likijaa, hewa haikuwepo. Pampu ilivuta, ikavutwa, hadi mpira ukachanika. Hesabu yote ilijipanga kichwani mwake bila yeye kuiita.

"Nani aliiziba?" Asenath aliuliza.

Aliuliza tu, jinsi mtu anavyouliza. Shiundu alisugua mikono kwenye suruali.

Ilikuwa safari ya kwanza, ile ya pampu ya zamani iliyokuwa imechakaa tu. Mashine ilipopakiwa kwenye pikapu, tangi lilikuwa likitema petroli kupitia kifuniko, na Matheka akasema niwekee kitu hapo, itanukia gari nzima. Shiundu akaweka silikoni. Ya safari tu. Alikusudia kumwambia aikwangue akifika. Kisha wakaanza kuzungumza mambo mengine, pikapu ikaondoka.

Alifikiri pia jambo jingine, na alilifikiri lote hadi mwisho. Kukwangua kungechukua dakika mbili. Matheka angepigiwa simu kuambiwa kwamba pampu ya nne ni ya aina bora zaidi, na ingekuwa kweli kwamba haifi tena. Nzivo angekosa la kusema. Hakuna mtu angeuliza.

"Mimi," alisema.

"Lini?"

"Siku ile ya kwanza. Ilikuwa inamwaga. Nilikuwa niwaambie waitoe wakifika Njiru."

"Ukawaambia?"

"Sikuwaambia."

Asenath aliuachilia mkono wa mafuta, ingawa injini ilikuwa imezimika zamani. Alikaa chini kwenye saruji.

"Kwa hivyo mjomba hakuweka kitu kwa mafuta."

"Hakuweka."

"Hata kidogo."

"Hata kidogo, Mama Ayuma."

Asenath alitazama kichochoroni. Wiki mbili zilizopita alivaa nguo ya kanisani, akanunua sukari kilo mbili na majani ya chai, akaenda hadi Njiru kwa Mbeti. Alisimama mlangoni kwa mtu akasema, mtusamehe, mzee wetu ana shida nyingi. Mbeti alikuwa mwema. Alimkaribisha ndani, akampa chai ya sukari ileile. Jambo hilo alikuwa hajamwambia mumewe. Sasa alimwambia.

"Na nikampigia mama simu," aliendelea. "Nikamwambia ndugu yake ametuaibisha huku Nairobi. Mama alilia. Jumapili mjomba alikuja kuketi nyuma yangu kanisani, nikahama benchi. Baba Ayuma, nilihama benchi watu wakiniona."

Shiundu alichukua bisibisi ndogo, akaielekeza kwenye tone la silikoni.

"Unafanya nini?"

"Naitoa."

"Unaitoa ndio nani asione?"

Bisibisi ilisimama.

"Mashine haiwezi kufanya kazi ikiwa hivi."

"Basi isifanye," Asenath alisema. "Mjomba yuko soko ya Gikomba. Jirani yetu Mama Nekesa amemwona anavuta mkokoteni. Enda."

*

Alitembea kwa miguu, kwa sababu alitaka ichukue muda. Kifuniko kilikuwa mfukoni mwa shati.

Kwa maseremala wa Gikomba mbao zilikuwa zikishushwa, na njia ilikuwa imebanwa na marobota ya nguo upande mmoja na vitanda visivyopakwa rangi upande mwingine. Aliuliza mara mbili. Kisha akamwona mwenyewe. Lusweti alikuwa katikati ya mikono miwili ya mkokoteni, gunia limekunjwa begani, akiegemea mbele kwa uzito wake wote. Mkokoteni ulikuwa umejaa mbao. Nyuma alisukuma mwanamume mwenye kofia ya sufu aliyeitwa Opiyo.

"Mkwe!" Lusweti alisimama palepale. Aliupangusa mkono wake wa kulia kwenye suruali, mbele na nyuma, kabla ya kuunyoosha. "Umekuja kutafuta mbao? Mtoto wetu hajambo?"

"Hajambo. Mzee, nimekuja..."

"Mzee, salamu baadaye!" Opiyo alipaza sauti. "Tunafunga njia! Nyuma kuna gari!"

Gari lilipiga honi. Lusweti aliinama tena kwenye mikono ya mkokoteni. Shiundu hakujua afanye nini, basi alienda nyuma, akaweka mabega yake kando ya Opiyo, akasukuma. Gurudumu moja lilikuwa kwenye shimo. Walitoka. Njia ilipanda kidogo, na misumeno ilikuwa ikilia pande zote. Akiwa ameinamisha kichwa, asione uso wa mtu, aliona huenda hapo ndipo pangekuwa rahisi.

"Mzee! Mafuta hayakuwa na kitu!"

"Ati?"

"Nasema mafuta! Yalikuwa safi!"

"Sisikii, mkwe!"

Opiyo aligeuka akamtazama Shiundu, kisha akapaza sauti yake ya kuomba njia, sauti iliyozoea kushinda misumeno. "Mzee! Huyu anasema mafuta yako ilikuwa safi!"

"Mafuta gani?" aliuliza mwanamke aliyekuwa akipanga nguo za watoto kando ya njia.

"Sijui! Uliza mwenyewe!"

"Kama ni ya kupika, mniletee!" mwanamke alisema, na watu wakacheka.

Mkokoteni haukusimama. Lakini mabega ya Lusweti, yaliyokuwa yakipanda na kushuka kwa mpigo mmoja, yalikosa mpigo. Kisha yakaendelea, hadi karakana iliyokuwa mwisho wa kilima. Hapo aliiteremsha mikono ya mkokoteni taratibu, akaweka jiwe chini ya gurudumu, akakaa juu ya mbao. Opiyo alienda kumtafuta mwenye mzigo.

Shiundu alitoa kifuniko, akaeleza. Alieleza kwa mpangilio, jinsi alivyoeleza kazi zake zote, kuanzia pikapu hadi mluzi wa tangi. Lusweti alikishika kifuniko kwenye mwanga. Macho yake hayakuwa mazuri tena. Alikigusa kwa ncha ya kidole.

"Kumbe ni hii," alisema.

"Ni hiyo."

"Mimi nilijua si mafuta."

"Ulijua?"

"Nikose kujua aje? Ni mimi nilibeba. Kutoka kituoni mpaka kwa mashine, mtungi ulikuwa kwa mkono wangu. Sikuuweka chini hata mara moja."

"Sasa, mzee, mbona hukusema?"

Lusweti alimrudishia kifuniko. Alionekana kuona swali hilo la ajabu.

"Niseme nini? Watu wote walikuwa wanakuangalia wewe. Wewe ndiye fundi. Nisimame mbele ya wenye magari niseme mume wa mtoto wetu hajui kazi yake? Nilimwoza kwenu mimi pamoja na dada yangu. Nilikula ng'ombe wenu wa mahari."

Shiundu alitazama chini. Alikuwa amejitayarisha kwa njia nzima kupokea matusi. Kwa hili hakuwa amejitayarisha.

"Nisamehe, mzee."

"Nimesikia."

"Jioni Matheka atanipigia. Nitamweleza kila kitu kwa simu."

"Kwa simu hapana," Lusweti alisema.

Hakupandisha sauti. Alilikunjua gunia la begani, akalikung'uta vumbi la mbao, akalikunja upya kwa pande nne.

"Uliposema ile siku ulikuwa umesimama, mkwe. Kulikuwa na yule mwenye teksi nyeupe. Kulikuwa na dada wa mayai. Vijana wote wa kuosha walikuwepo. Hao ndio waliona moshi. Matheka ni mtu mmoja."

"Hao huwa wako hapo Jumamosi."

"Na kesho ni siku gani?"

"Jumamosi."

"Basi."

"Tutaenda pamoja? Matheka lazima akurudishie kazi yako."

"Kazi ninayo." Lusweti alipiga mbao kwa kiganja. "Kesho tuna safari nne za hizi. Mimi si lazima niwepo. Wewe sema tu. Ndugu yake Mama Nekesa anakaa nyuma ya hapo kwa Matheka. Nikienda kumwona napitia ile barabara, na siku hizi napita upande wa pili. Nataka nikipita wanisalimie."

Opiyo alirudi na mwenye mzigo, wakaanza kushusha. Shiundu alivua shati la juu, akashika ncha moja ya ubao. Lusweti hakumkataza wala hakumshukuru. Alishika ncha ya pili.

*

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu ya mapaa ya Mbotela. Nzivo alikuwa akikusanya vyuma vyake.

"Daktari! Umemtoroka mgonjwa? Amelala hapo mdomo wazi!"

"Kesho anapasuliwa," Shiundu alisema.

"Wapi?"

"Njiru."

Nzivo alisubiri mzaha ufuate. Haukufuata, naye akaendelea kukusanya vyuma.

Asenath alikuwa amekaa kwenye kibaraza karibu na mashine, akichagua mchele kwenye sinia. Alilitazama vumbi la mbao lililojaa kwenye nywele za mumewe, hakuuliza alilitoa wapi.

"Alisema nini?"

Shiundu alimwambia. Alipofika mahali pa ng'ombe, Asenath aliacha kuchagua.

"Nitaenda na wewe," alisema. "Mbeti nilimwambia mimi. Nitamwambia mimi."

"Na mama?"

"Mama nitampigia tukirudi. Leo siwezi."

Simu ililia kabla hajaketi. Shiundu aliitazama ikilia mara tatu, kisha akaipokea akiwa amesimama.

"Fundi," Matheka alisema. "Umepata ugonjwa?"

"Nimeupata, Mzee Matheka."

"Ni nini?"

"Nitakuonyesha kesho. Naileta vile iko, sijamaliza. Nitaimalizia huko kwako."

Nyuma ya Matheka watoto walikuwa wakipiga kelele ndani ya basi.

"Sawa. Lakini njoo mapema, saa moja hivi, umalize kabla ya watu kufika. Unajua Jumamosi saa nne benchi yote imejaa. Sitaki ufungue mashine mbele ya kila mtu tena. Ile siku ilikuwa aibu."

"Nitakuja saa nne," Shiundu alisema.

"Hujanisikia, fundi. Saa nne watu watakuwa wamejaa."

"Nimekusikia."

Asenath alikuwa ameinamia sinia, lakini mikono yake haikusogea. Kwenye simu, mtoto mmoja alimwita dereva, akamwita tena.

"Haya," Matheka alisema hatimaye, bila kuelewa. "Saa nne."

Shiundu aliweka simu mfukoni. Alikusanya skrubu zilizobaki, pampu iliyochanika na kifuniko cha tangi, akavifunga kwenye kitambaa kimoja, akakifunga kitambaa kwenye fremu ya mashine, tone la silikoni likiwa bado halijaguswa.